Rompa, kofia na blanketi: maswali yenu kuhusu ushuru wa nguo za watoto wachanga

Tangu nilipoandika katika ukurasa huu kwamba nguo za watoto wachanga zina vichwa vyao vya peke yake kwenye kitabu cha ushuru, barua zimejaa mezani. Nyingi zimetoka Biashara Street na Eastleigh, nyingine Kamukunji, Toi, Donholm na Umoja, na moja Rongai. Nimechagua saba. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha sehemu kubwa ya maisha yangu, kati ya bandari kavu ya Embakasi na maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege wa JKIA, na nimeona mara nyingi kwamba mwenye mzigo ndiye anayelipa yote na ndiye anayeelezwa machache. Kwa sababu hiyo sitafupisha pale ambapo maelezo yanahitajika.

Mama, pokea salamu zangu. Nina duka la vitu vya watoto Biashara Street. Mzigo wangu kutoka Guangzhou umesimamishwa Embakasi. Ndani mna rompa, suruali, magauni madogo, sweta na soksi, zote za watoto wachanga. Ajenti aliandika zote kwa nambari moja, 6111.20. Ofisa amekataa, anataka zitenganishwe. Ajenti naye anasema ofisa anasumbua tu, kwamba nambari haina maana kwa kuwa ushuru ni uleule. Nimsikilize nani?
*Mama Mapacha, Biashara Street*

Mama Mapacha, ofisa ana hoja. Ngoja nikuonyeshe ni kwa nini, ili ukirudi kwa ajenti wako uzungumze naye ukijua unachosema.

Nambari zile ni za mfumo wa HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels na unaotumika tangu 1988. Tarakimu 6 za kwanza ni zilezile Guangzhou, Istanbul na Nairobi. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza 2, zinakuwa 8. Tarakimu 2 za mwanzo ni sura, na 4 za mwanzo ni kichwa. Nguo za watoto wachanga zina vichwa viwili: 61.11 na 62.09. Kinachovitenganisha ni namna kitambaa kilivyotengenezwa. Rangi, bei na jinsi ya mtoto haviingii hapo.

Sura ya 61 ni ya kitambaa cha vitanzi, yaani kile ambacho uzi hupindwa kuwa vitanzi vinavyoshikana, kama cha tisheti, sweta au soksi. Sura ya 62 ni ya kitambaa cha mtande na mshindio, nyuzi za urefu zikikatwa na nyuzi za upana, kama cha shati la shule, dangirizi, kadroi au ile maslini nyepesi ambayo akina mama wanaipenda siku hizi. Rompa zako karibu zote zitakuwa 61.11. Lakini suruali za dangirizi na magauni ya kitambaa cha shati ni 62.09, hata kama vyote vilitoka kiwanda kimoja na vikafungwa katoni moja.

Usitegemee kuvuta kitambaa peke yake. Dangirizi yenye spandeksi huvutika vizuri sana na bado ni ya mtande na mshindio. Chukua kioo cha kukuzia, cha aina wanayouza Luthuli Avenue kwa mafundi wa simu, ugeuze nguo ndani nje na uangalie. Ukiona safu za vitanzi, ni sura ya 61. Ukiona nyuzi zinapishana juu na chini kwa pembe mraba, ni sura ya 62. Ukibaki na shaka, kata kipande kidogo cha sampuli uchomoe uzi mmoja pembeni. Vitanzi vitafumuka kimoja baada ya kingine, lakini kwenye kitambaa cha mtande na mshindio uzi utatoka mzima na kuacha ncha za nyuzi nyingine zikining'inia. Flisi, ile laini yenye manyoya ya sweta za baridi ya Julai, huwachanganya wengi kwa sababu vitanzi havionekani kwa nje. Geuza upande wa pili utaviona. Flisi ni sura ya 61.

Swali la pili ni uzi wenyewe. Chini ya 61.11 kuna 6111.20 ya pamba, 6111.30 ya nyuzi sanisi kama poliesta, na 6111.90 ya nyuzi nyingine, sufu ikiwemo. Kichwa cha 62.09 kimegawanywa kwa tarakimu hizohizo, 20, 30 na 90. Nguo yenye mchanganyiko inafuata uzi ulio mzito zaidi: lebo ikisema pamba asilimia 60 na poliesta 40, ni pamba. Ikisema 50 kwa 50, kanuni inakupeleka kwenye uzi ambao nambari yake inakuja mwisho kitabuni, na kati ya pamba na poliesta hiyo ni poliesta. Kwa hiyo rompa ya 50 kwa 50 ni 6111.30, ingawa muuzaji wa Guangzhou ataiita ya pamba kwa sababu jina hilo linauza. Sweta zako naona ni za akriliki, maana ndizo zinazojaa kwenye maduka ya mtaa wako. Hizo nazo ni 6111.30.

Soksi za mtoto mchanga ziko sawa zilipo. Kuna kichwa cha soksi za kila mtu, 61.15, lakini maelezo ya sura ya 61 yanasema kitu kinachoweza kuingia 61.11 na pia kichwa kingine cha sura hiyo, kiende 61.11. Ndivyo ilivyo pia kwa tisheti ndogo na sweta ndogo.

Sasa hilo la ushuru kuwa uleule. Kiwango cha pamoja cha Jumuiya kilichoanza tarehe 1 Julai 2022 kina ngazi nne: sufuri, asilimia 10, 25 na 35, na nguo zilizo tayari ziliwekwa ngazi ya juu. Kwa hiyo ukihama kutoka 61.11 kwenda 62.09, asilimia inabaki ileile. Ajenti wako hajadanganya hapo. Amekosea kudhani habari inaishia hapo. Kila mwaka nchi wanachama huomba ruhusa ya kutoza tofauti kwa nambari fulani fulani, na ruhusa hizo huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni, kila moja na nambari yake ya tarakimu 8. Nambari isiyo yako inaweza kukubebesha kiwango kisicho chako, au kukunyima nafuu uliyostahili. Halafu KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hulinganisha bei yako na bei za mizigo mingine yenye nambari ileile. Sweta ya akriliki ikikaa kwenye safu ya pamba, ofisa anapima bei yake kwa kipimo kisichohusika, na wewe ndiye unayeitwa kujieleza. Tena tangazo la forodha ni kauli mbele ya sheria. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya kinaweka kwa tangazo la uongo faini isiyozidi dola 10,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, na jina la mwagizaji kwenye tangazo lile ni lako.

Umeuliza pia, mwisho wa barua yako, mzigo wa shilingi 300,000 utakugharimu nini. Ukiwa umefika kwa meli, hizo 300,000 ziwe ni bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima. Ushuru wa asilimia 35 ni 105,000. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani na ushuru kwa pamoja, yaani 405,000, inakuwa 64,800. Ada ya tangazo la uagizaji ni asilimia 2.5, yaani 7,500, na tozo ya reli asilimia 2, yaani 6,000. Jumla 183,300, kabla ya ajenti, ghala na lori. Kwa mzigo wa ndege kuna jambo ambalo wachache huambiwa: jedwali la nne la sheria hiyohiyo linasema nauli ya ndege haiongezwi kwenye thamani ya kutozwa ushuru. Ukiona imeongezwa kwenye tangazo lako, uliza.

Wenye maduka wengi, nawe umenidokezea, huleta kupitia kampuni za kukusanya mizigo, unalipa kwa kilo na mambo yanaisha. Siwalaumu, mtaji mdogo una mipaka yake. Lakini mzigo ukipita kwa jina la kampuni, huna tangazo lenye jina lako, huwezi kudai ile VAT iliyolipwa mlangoni, na hujui waliandika nambari gani. Kwa mtu ambaye duka limekua kama lako, ningependa sana uanze kuagiza kwa PIN yako mwenyewe ya kodi.

Shikamoo mama. Naagiza nguo kutoka China na saizi zao ni 66, 73, 80, 90 na 100. Ofisa amesema 90 si ya mtoto mchanga. Lebo ya nguo imeandikwa "miezi 18 hadi 24". Mtoto wa miaka miwili si mchanga kweli?
*Baba Shani, Eastleigh*

Marahaba, mwanangu. Sheria haihesabu miezi, inapima urefu wa mtoto. Maelezo ya sura ya 61, na ya 62 vilevile, yanasema nguo za watoto wachanga ni zile za watoto ambao urefu wa mwili hauzidi sentimita 86. Wengi hufikia hapo kwenye mwaka mmoja na nusu hivi. Saizi za China unazotaja ndizo sentimita zenyewe, kwa hiyo 66, 73 na 80 ni za 61.11, na 90 na 100 zimetoka. Ukileta za Ulaya, 86 imo, kwa kuwa haizidi, na 92 haimo. Umri kwenye lebo hausaidii. Viwanda viwili vitaandika miezi ileile kwenye nguo zenye urefu tofauti.

Za 90 na 100 zinakwenda wapi? Hapo ndipo kazi inapoongezeka, maana sasa kila nguo inatafuta kichwa chake kama ya mtu mzima: tisheti 61.09, sweta 61.10, suruali ya mvulana 61.03, suruali na gauni la msichana 61.04, nguo za kulalia za mvulana 61.07 na za msichana 61.08, rompa ya kipande kimoja 61.14. Hizo zote ni za kitambaa cha vitanzi, nazo za mtande na mshindio zina ndugu zao sura ya 62. Kwa mtoto mchanga hakuna anayeuliza kama ni mvulana au msichana, lakini juu ya sentimita 86 ni lazima. Nguo inayofungwa mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia, ni ya kiume. Wa kulia ukilalia wa kushoto, ni ya kike. Isiyotambulika inaandikwa kwenye kichwa cha kike.

Mwombe muuzaji jedwali la saizi lenye urefu wa mtoto kwa sentimita, lenye muhuri wake, na orodha ya vifurushi inayoonyesha kila saizi ina vipande vingapi. Akikupa orodha inayosema "saizi mchanganyiko", mrudishie. Muuzaji anayo hesabu hiyo, maana ndiyo aliyoitumia kufunga katoni. Ukiwa na karatasi hizo mbili, ajenti atagawanya mistari kwa dakika chache, na ofisa atakuwa na kitu cha kushika.

Habari yako mama. Nauza maboksi ya zawadi za kujifungua: ndani mna rompa, bibu, glavu ndogo, visoksi, na kofia. Vyote vya pamba. Je, niandike nambari moja au tano?
*Msomaji wa Donholm*

Rompa, bibu, glavu na visoksi vya vitanzi ni 61.11 vyote, hapo huna shida. Kofia ndiyo mgeni. Kofia za watoto wachanga zimetolewa waziwazi kwenye 61.11, zina kichwa chao, 65.05, pamoja na kofia nyingine za kitambaa cha aina hiyo. Lakini kwa boksi lako kuna kanuni ya tatu ya tafsiri: vitu tofauti vilivyofungwa pamoja kwa ajili ya rejareja, vinavyotimiza haja moja, huwekwa pamoja chini ya kile kinachobeba tabia kuu ya boksi. Boksi lako ni la kumvisha mtoto aliyezaliwa, na rompa ndiyo inayobeba tabia hiyo, basi kofia inafuata 61.11. Sharti boksi liwe limefungwa hivyo tangu kiwandani, tayari kwa rafu. Ukileta kofia 200 kwenye mfuko wao na rompa 200 kwenye mfuko wao, ukipanga maboksi mwenyewe hapa Donholm, forodhani hakuna boksi. Kuna rompa na kuna kofia.

Kanuni hiyo ina mpaka ambao maajenti husahau. Maelezo ya sehemu ya 11, inayobeba nguo zote, yanasema nguo za vichwa tofauti hazichanganywi hata zikifungwa pamoja kwa rejareja. Seti ya blauzi ya vitanzi na kaptula ya dangirizi itaandikwa mistari miwili, 61.11 na 62.09, ingawa zimetundikwa kwenye henga moja na zina bei moja. Hapo omba muuzaji akugawie bei kwenye ankara. Ukimwachia ofisa agawanye, atagawanya anavyoona yeye.

Mama, ni haraka tu. Blanketi za mtoto, bibu za silikoni, viatu laini vya kitambaa, nepi za kufua na vibebeo vya mgongoni, vyote ni nguo za watoto?
*Muuzaji wa mtandaoni, Rongai*

La. Blanketi ni 63.01, hata ile ya kitanda cha mtoto au ya kigari. Ikiwa imejazwa pamba ndani na kushonwa kama mfarishi, ni 94.04. Bibu ya silikoni ni plastiki, 39.26, lakini bibu ya kitambaa inabaki 61.11 au 62.09. Viatu laini vinategemea soli: kama hakuna soli iliyobandikwa au kushonewa chini, ni vazi, 61.11 au 62.09. Kukiwa na soli, hata nyembamba ya kitambaa, ni viatu, sura ya 64. Nepi ni 96.19, za kutupa na za kufua, za kitu chochote. Vibebeo vya kitambaa ni 63.07. Hapa hakuna "ushuru ni uleule" wa kujifariji nao, umetoka kwenye nguo na kila sura ina mambo yake.

Shikamoo mama. Dada yangu anaishi Leeds na amenikusanyia nguo za watoto wake walipokua, pamoja na nyingine mpya alizonunua kwenye punguzo. Anataka kuzituma kwa katoni niuze Toi. Naambiwa nikiziandika mtumba ushuru utapungua.
*Binti wa Kibera*

Marahaba, binti yangu. Mtumba una kichwa chake, 63.09, na mlango wake ni mwembamba. Nguo lazima zionyeshe wazi kwamba zimevaliwa, na lazima ziletwe kwa wingi, kwenye marobota, magunia au vifungashio vya aina hiyo. Masharti yote mawili, kwa pamoja. Zile mpya za punguzo, zenye lebo ya bei, hazitoki kwenye 61.11 na 62.09 hata ukizifukia katikati ya robota. Na zilizovaliwa zikikunjwa vizuri moja moja ndani ya katoni pamoja na mpya, ofisa ana haki ya kuzitazama zote kama nguo za kawaida.

Kuhusu kupungua, sikiliza kwanza hesabu inavyokwenda. Kwenye kiwango cha pamoja, mtumba hutozwa kwa thamani au kwa uzito, chochote kitakachotoa kiasi kikubwa zaidi. Nguo za watoto ni ndogo, vipande vingi kwa kilo, kwa hiyo uzito haukuumizi sana. Lakini kuagiza mtumba ni kazi yenye karatasi zake za ukaguzi na za kufukiza dawa, na kwa katoni za dada mmoja karatasi zitameza faida. Ningekuwa wewe, ningemwomba dada atenge: alizonunua mpya zije na risiti zake na nambari zake, na zile za watoto wake awagawie wanaojifungua hukohuko Leeds. Mtumba wa kuuza Toi nunua Gikomba kwa robota, wenye kuleta kontena wameshabeba mzigo wa forodha. Najua jibu hili si ulilolitaka.

Mama, nguo za watoto kutoka Uturuki ni nzuri lakini ushuru unaniua. Rafiki yangu anasema nipitishie Kampala, kwamba za Uganda hazilipi kitu.
*Mfanyabiashara wa Kamukunji*

Ndugu yangu, rafiki yako amechanganya njia na asili. Kinachosamehewa ndani ya Jumuiya ni bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza kanuni za asili, ikiwa na cheti. Rompa iliyoshonwa Uganda au Arusha, sawa, ushuru wa forodha ni sufuri, ingawa VAT iko palepale. Kwa mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 kuna hata cheti rahisi, unachopata mpakani Busia au Malaba kama bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa. Rompa ya Uturuki ikilala Kampala mwaka mzima itaamka bado ni ya Uturuki. Kuiandikia cheti cha Uganda ni kosa lilelile la kifungu cha 203 nililomtajia Mama Mapacha.

Kama unatafuta pamba nzuri yenye nafuu ya halali, tazama Misri. Iko COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, pamoja nasi, na nguo za huko zikija na cheti cha asili cha COMESA zinaingia bila ushuru wa forodha. Mwulize muuzaji wa Cairo kuhusu cheti kabla ya kumlipa. Cheti kinachoahidiwa kufuata baadaye nimekisubiri na wateja wengi huku ghala likihesabu siku. Na huko nambari ina uzito kuliko popote, maana cheti, ankara na tangazo lazima vitaje tarakimu 6 zilezile.

Mama, ofisa ameziita rompa zangu za sentimita 80 "nguo za watoto wakubwa" na amekataa kusikiliza. Ajenti anasema nilipe tu, ukibishana unaharibu uhusiano. Je, mtu wa kawaida ana njia?
*Mama Tumaini, Umoja*

Unayo, mama, na nakusihi uitumie. Sheria ya forodha ya Jumuiya iliandikwa kwa ajili yako kama ilivyoandikwa kwa ajili ya wenye kontena mia.

Kwanza omba uamuzi kwa maandishi. Maneno ya kaunta huwezi kuyakatia rufaa. Ukishaupata, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna aupitie upya. Barua iwe fupi: nambari ya tangazo, alichoamua ofisa, kwa nini unapinga. Kwako sababu ni mstari mmoja, maelezo ya sura ya 61 na hizo sentimita 86. Ambatisha jedwali la saizi, picha ya lebo, na ikiwezekana rompa yenyewe, ipimwe. Peleka Times Tower, makao makuu ya KRA, ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya siku hizo sheria inamchukulia kuwa amekubali ombi lako. Akikataa, una siku 45 kufika kwenye Baraza la Rufaa za Kodi.

Mzigo haulazimiki kukaa ghalani wakati huo wote. Kifungu hichohicho kinakuruhusu kuomba uachiliwe ukilipa kiasi kinachobishaniwa au ukiweka dhamana. Ukilipa na ukashinda, dai marejesho ndani ya miezi 12 tangu siku uliyolipa, na usingoje mwezi wa 11.

Kwa mzigo ujao kuna njia ya kuepuka ubishi kabisa. Kabla hujaagiza, omba uamuzi wa mapema chini ya kifungu cha 248A. Unapeleka maelezo na sampuli, KRA wanakuandikia nambari, na ofisa wa Embakasi anaikuta tayari kwenye faili. Watu wa kampuni kubwa hufanya hivyo kila wakati. Sijakutana na wenye maduka madogo wengi waliowahi kuambiwa kwamba njia hiyo ipo, na hilo linaniuma, kwa sababu wao ndio wanaoihitaji zaidi.

Uhusiano ambao ajenti wako anaogopa kuuharibu ni wake na ofisa. Wewe ukiandika kwa heshima, ukitaja kifungu, hakuna atakayekuonea kwa hilo. Hifadhi kila karatasi kwa miaka 5, tangazo, ankara, jedwali la saizi na risiti za malipo, kwa sababu hata mzigo ulioachiliwa KRA wanaweza kurudi kuukagua ndani ya muda huo, na siku hiyo ajenti anaweza kuwa amehama ofisi.